Likizo ya Kupumzika Nyumbani na Familia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa kumfikiria zaidi mfanyakazi wa Dar es Salaam mwenye mwenzi, watoto wa shule na likizo ya mwaka ambayo hataki kuimalizia barabarani. Anayeishi Mwanza, Mombasa au Morogoro abadilishe majina ya mahali. Mengine yatamfaa yalivyo.

## Mambo ya msingi

Tunaposema likizo ya nyumbani, ni nyumbani wapi?

Swali lina haki ya kuulizwa, kwa sababu mtu aliyeishi Dar es Salaam miaka 20 bado akiulizwa nyumbani kwao hujibu Rombo, Bukoba au Newala, na Mkenya wa Nairobi akisema anakwenda nyumbani mara nyingi ana maana ya ushago, yaani kijijini kwao. Hapa tunazungumzia nyumba mnayolala siku zote, iwe yenu au ya kupanga.

Safari ya kwenda kwa wazazi ni jambo jema na haipaswi kuachwa miaka na miaka. Lakini safari hiyo ina nauli, zawadi za kila shangazi, vikao vya ukoo na, mara nyingine, paa la kukarabati. Anayerudi kutoka huko hurudi na furaha na gunia la ndizi, ila si lazima awe amepumzika.

Nina haki ya siku ngapi za likizo?

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 mfululizo zenye malipo katika kila mzunguko wa miezi 12, sikukuu zitakazoangukia humo zikihesabiwa ndani yake. Kwa Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataja siku zisizopungua 21 za kazi baada ya kila miezi 12 ya utumishi. Hesabu hizi mbili hazipishani sana kama zinavyoonekana: siku 28 za mfululizo ni wiki nne kamili, na siku 21 za kazi kwa anayefanya kazi siku tano kwa wiki ni wiki nne na siku moja.

Jambo linalosahaulika ni kwamba kwa sheria ya Tanzania Bara mwajiri ndiye mwenye uwezo wa kupanga likizo itachukuliwa lini. Kwa hiyo anayetaka kulandanisha likizo yake na ya watoto aombe miezi kadhaa kabla, maana Juni na Desemba kila mzazi katika ofisi anaitaka tarehe ileile.

Juni au Desemba?

Shule nyingi za Tanzania hufunga mapema Juni na kufungua mwanzoni mwa Julai, kisha hufunga tena Desemba mpaka Januari. Kwa mtu wa pwani, jibu langu ni Juni. Masika imekwisha, kusi inavuma, usiku kuna ubaridi wa kutosha kujifunika shuka, na mchana mnaweza kukaa uani bila kutafuta kivuli kila nusu saa. Tena mwisho wa likizo hiyo huangukia kwenye maonesho ya Sabasaba katika viwanja vya Barabara ya Kilwa, ambayo ni matembezi ya siku nzima bila kutoka mjini.

Desemba ina joto na kelele za sikukuu. Hata hivyo ina maembe, na kuna familia ambazo hiyo peke yake ni sababu tosha.

Kwani kukaa nyumbani si ndiyo kila siku? Likizo iko wapi hapo?

Aliyesafiri ana kinga moja ambayo aliyebaki hana: watu wanajua hayupo. Hakuna anayemwita aje asaini fomu, hakuna jirani anayemwomba ampeleke Kariakoo, na hata mke au mume hamkumbushi bomba linalovuja. Aliyebaki nyumbani huonekana tu kama mtu ambaye leo hakwenda kazini, na mtu wa namna hiyo hutumwa.

Kwa hiyo kinga hiyo ni lazima muijenge wenyewe. Likizo ipewe tarehe ya kuanza na ya kumalizika, iandikwe kwenye kalenda ya ukutani ambako watoto wataiona, na watu wa karibu waambiwe mapema kwamba siku hizo hampo ingawa mpo. Lugha hii huwachekesha watu mwanzoni, lakini wakishacheka huwa wameisikia. Namna ya kuzuia kazi za ofisi imeelezwa katika swali la simu za ofisini, sehemu ya mwisho, na wageni wana swali lao hapohapo.

## Fedha na maandalizi

Likizo ya nyumbani inagharimu kiasi gani?

Ni nafuu kuliko kusafiri, lakini si bure, na wanaoidhania kuwa bure ndio wanaogombana wiki ya pili. Watu watano wakiwa nyumbani mchana kutwa, umeme wa LUKU unaotosha mwezi huisha kabla ya mwezi, mtungi wa gesi huwahi kwisha, bando la intaneti hukatika, na chakula cha mchana ambacho zamani kililipiwa kwa hela za shule na za ofisini sasa kinatoka katika sufuria yenu.

Njia rahisi ni kupiga hesabu ya safari ambayo hamkwenda: nauli ya kwenda na kurudi ya kila mtu, chakula cha njiani, zawadi. Chukueni theluthi moja ya fedha hizo, ziwekeni katika bahasha, na hiyo ndiyo bajeti ya likizo. Fedha ikiwa na bahasha yake, mtoto akiomba aiskrimu hapahitajiki hotuba kuhusu ugumu wa maisha; mnafungua bahasha na kuangalia.

Tununue nini kabla ya siku ya kwanza?

Umeme, gesi, mchele, unga, mafuta ya kupikia na sabuni ya kufulia. Gesi iwe ya kwanza. Nyumbani kwetu mwaka mmoja iliisha siku ya pili ya likizo, maharage yakiwa nusu yameiva na muuza mitungi wa mtaani akiwa amefunga duka kwenda msibani. Tulikula mkate saa tatu usiku, na siku iliyofuata nzima ilikwenda katika kutafuta mtungi. Mambo ya marekebisho, kama fundi bomba au fundi umeme, yamalizwe wiki moja kabla, kwa sababu fundi aliyeahidi kuja asubuhi huifunga familia nzima ndani mpaka jioni.

## Kazi za nyumbani

Tukiwa wote nyumbani, nani apike?

Hili ndilo swali linaloulizwa kwa sauti ya chini kuliko yote, na karibu kila mara muulizaji ni mama. Siku za kawaida yeye hupika chai ya alfajiri na chakula cha usiku. Likizo inapoanza, chai inahamia saa nne asubuhi kwa sababu wengine wamelala, chakula cha mchana kinaongezeka, na saa kumi kuna mtu anauliza kama kuna kitu cha kutafuna. Wengine wanapumzika, yeye ameongezewa zamu. Ikiwa hali itakuwa hiyo, ni heri familia ikiri kwamba watu wanne wako likizo na mmoja yuko kazini.

Hatua ya kwanza ni kupunguza milo. Kifungua kinywa kizito saa nne, chenye mihogo, chapati au viazi, na chakula kikuu saa kumi na moja jioni vinatosha, mradi matunda yawepo katikati. Hatua ya pili ni zamu, na zamu iwe kamili: mwenye zamu aende sokoni, apike, na sufuria azioshe. Baba anayepika pilau la kusifiwa mtaa mzima kisha akaacha sufuria saba kwenye karo amehamisha kazi, hajaipunguza. Hatua ya tatu ni siku moja katika wiki ambayo jiko haliwashwi kabisa. Mnanunua wali kwa mama ntilie au chipsi mayai ya kijana wa kona, mnakula kwenye karatasi, na hakuna chombo cha kuosha.

Je, dada wa kazi naye apewe likizo?

Ndiyo. Msaidizi wa nyumbani ni mfanyakazi kama wengine mbele ya sheria iliyotajwa juu, kwa hiyo akishafikisha miezi sita ya utumishi ana likizo yake yenye malipo kama ilivyo kwa mtu wa ofisini. Familia nyingi huona vizuri likizo yake iende sambamba na yao, na kwa kweli ni mpango mzuri kwa sababu mbili: anapata muda wa kwenda kuwaona ndugu zake, na ninyi mnalazimika kuzijua kazi ambazo zimekuwa zikifanyika bila ninyi kuziona. Mkimhitaji abaki, likizo yake ipangiwe tarehe nyingine inayojulikana, isiwe ahadi ya hewani.

Ni kazi gani ya jikoni inayowafaa watoto?

Vitumbua, kwa maoni yangu, kwa sababu vina hatua nyingi ndogondogo na kila hatua ina mtoto wake. Usiku mdogo kabisa anachagua mchele na kuuloweka. Asubuhi mkubwa anakaa juu ya mbuzi kukuna nazi, na hapo afundishwe kuikuna kwa kuizungusha ili asifikie weusi wa kifuu. Mchele unasagwa pamoja na tui zito, hamira, iliki na sukari, kisha mchanganyiko unaachwa mahali penye joto mpaka uumuke na kuanza kutoa mapovu juu. Muda huo wa kusubiri ndio utamu wenyewe. Watoto hufunua kifuniko kila dakika tano kuona kama kimetokea kitu.

Kukaanga ni kazi ya mtu mzima pamoja na mtoto aliyefikia kimo cha kuona ndani ya chuma bila kujinyoosha. Chuma kipate moto barabara, kila kishimo kipate mafuta kidogo, na uji umiminwe usijae. Ukingo ukishakauka na kuanza kujitenga na chuma, kitumbua kinachokolewa kwa kijiti na kugeuzwa. Wenye haraka ya kumimina kabla chuma hakijapata moto hupata makombo badala ya vitumbua, na makombo hayo huliwa na mpishi mwenyewe, akiwa amesimama.

## Watoto

Watoto wanasema wamechoka kukaa bure baada ya siku mbili. Tufanye nini?

Kwanza, msikimbilie kuwatafutia kitu. Mtoto aliyezoea ratiba ya shule kuanzia saa kumi na mbili asubuhi huhitaji siku chache za kutangatanga ndani ya nyumba kabla hajakumbuka namna ya kucheza mwenyewe.

Pili, kuna michezo ambayo wazazi wengi wa leo waliicheza na hawajawahi kuwafundisha watoto wao. Kombolela inahitaji uwanja na watoto wa jirani. Rede inahitaji mpira wa soksi, chupa na mchanga, na mtu mzima akiingia katikati kujaza chupa huku akikwepa mpira, wakati wa kuoga utawadia bila mtoto yeyote kukumbuka televisheni.

Mchezo wa kukaa nao ni bao. Bao lina mashimo 32 katika safu nne za mashimo manane, na kete 64. Hamhitaji ubao wa kuchonga. Mashimo yachimbwe mchangani na komwe au vijiwe vidogo viwe kete. Msianze na bao la watu wazima, lenye namu, yaani kete za mkononi zinazoingizwa moja moja, na sheria za shimo liitwalo nyumba, kwa kuwa mtoto atakata tamaa kabla ya mtaji, hatua inayofuata kete za mkononi zikiisha. Anzeni na bao la kujifunza, ambalo kila shimo lina kete mbili tangu mwanzo. Kama babu yupo, mwachieni yeye ufundishaji, naye atajisahau na kumfunga mjukuu wa miaka minane bila huruma. Mjukuu huyo kesho yake ndiye atakayeamka wa kwanza kudai marudiano.

Usiku ni wa vitendawili, na utaratibu ufuatwe wote: anayetega aseme "Kitendawili!", wengine waitikie "Tega!", na walioshindwa wampe mji kwanza ndipo wapewe jibu. Watoto wa mjini hupenda sana kugawa miji, hasa wakigundua kwamba Dubai nayo inakubalika.

Televisheni na simu ziruhusiwe kwa muda gani?

Wekeni saa moja inayojulikana kila siku, kisha iheshimiwe na wakubwa. Mzazi anayepitia makundi ya WhatsApp kuanzia chai mpaka adhuhuri hana uso wa kumpokonya mtoto rimoti.

Mtoto yuko darasa la mtihani na shule imeweka masomo ya likizo. Tufanye likizo bila yeye?

Anayejiandaa na mtihani wa darasa la saba, unaofanyika Septemba, au wa kidato cha nne, unaofanyika Novemba, huwa na masomo Juni katika shule nyingi. Msimtenge. Ratiba yenu igeuzwe imfuate: mlo mkuu wa jioni umsubiri, matembezi yawe Jumamosi, na asubuhi akiwa shuleni wengine walale. Kilicho kibaya ni nyumba nzima kununa kwa sababu yake.

## Kutoka na kurudi siku hiyohiyo

Je, tukitoka bado ni likizo ya nyumbani?

Ndiyo, mradi mlale kitandani mwenu. Mara moja kwa wiki inatosha. Wanaotoka kila siku huishia kuchoka kama waliosafiri, na wao hawana hata picha za hotelini.

Ni wapi pa kwenda kwa Dar es Salaam?

Kijiji cha Makumbusho, pale Kijitonyama, kina nyumba za jadi za makabila mbalimbali, msonge na tembe zikiwa miongoni mwake. Nendeni na bibi kama yupo. Mtoto anayesoma kibao hupita kwa dakika mbili, lakini bibi akiinama kuingia na kuonyesha mahali walipokuwa wakilala mbuzi, mtoto hakai nje. Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, yanafaa zaidi kwa wakubwa kidogo waliokwisha kusikia darasani habari za fuvu la Zinjanthropus lililogunduliwa Olduvai mwaka 1959.

Treni ya umeme ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, imeiweka Milima ya Uluguru ndani ya uwezo wa siku moja. Kata tiketi mapema, hasa wakati wa likizo za shule.

Ufukweni twende saa ngapi?

Uliza kwanza maji yako wapi. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele kila siku, hivyo saa iliyowafaa wiki jana si ya leo. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa mbali sana na watoto huweza kutembea kwenye mwamba wakitazama kaa na viti vya pweza, wale viumbe wenye umbo la nyota. Wavae viatu, kwa kuwa miiba ya shokomzoba haina mzaha. Maji ya siku hizo hurudi kwa kasi, kwa hiyo mtu mzima mmoja awe na kazi ya kuangalia bahari tu. Asiwe yule anayechoma mahindi.

## Hali za pekee

Ofisi inanipigia simu kila siku. Nizime?

Kabla ya kuondoka, andika makabidhiano ya kurasa mbili: kazi zilizo mezani, nani anazishika, mafaili yako wapi. Mwache mtu mmoja tu mwenye ruhusa ya kukupigia, na uweke saa, kwa mfano saa nne mpaka saa nne na nusu asubuhi. Simu nyingi za ofisini wakati wa likizo zinahusu faili ambalo halionekani, na makabidhiano mazuri huzimaliza. Kompyuta ya kazi iwekwe juu ya kabati, si mezani.

Wageni wakijua tuko likizo wanakuja. Tuwafukuze?

Hatufukuzi wageni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na jembe la siku hizi ni zamu ya jikoni: anayelala kwenu aingizwe kwenye orodha kwa upole, na wengi hufurahi. Wanaotaka kushinda wapewe siku maalumu, tuseme Jumapili, ili siku nyingine zibaki zenu.

Kundi gumu zaidi ni kamati za harusi. Ukisikika uko likizo, unapewa uhazini. Toa mchango wako mapema, uombe radhi ya vikao, na usimame hapo.

Mmoja wetu amekosa likizo. Bado inafaa?

Inafaa, ila aliyebaki asigeuzwe msimamizi wa nyumba anayemkabidhi mwenzake ripoti kila jioni. Anayetoka kazini akute chakula, naye kwa upande wake awachukue watoto siku moja ya wikiendi ili mwenzake apate siku ya kuwa peke yake.

Nina biashara yangu ndogo, sina likizo. Nifanyeje?

Mwenye genge, saluni au bodaboda hana mtu wa kumlipa akilala. Siku tatu au nne zinawezekana akizichagua katika wiki ambayo mauzo huwa chini, akaweka akiba ya siku hizo kidogokidogo miezi miwili kabla, na akabandika karatasi mlangoni yenye tarehe ya kufungua. Tarehe ndiyo inayomrudisha mteja. "Nimefunga" bila tarehe humpeleka kwa jirani.

Tunaishi katika chumba na sebule, uwanja ni wa wapangaji wote. Inawezekana?

Inawezekana, na kwa michezo mnawashinda wenye mageti, kwani watoto wa kuchezea kombolela wapo tayari. Tatizo huwa usingizi wa mchana na zamu ya bomba. Ongeeni na wapangaji wenzenu kuhusu saa za redio, na chomoeni saa mbili za kila mchana ambapo watoto wote wanacheza upande mmoja wa uwanja.

Likizo ikiangukia Ramadhani?

Ratiba nzima inapinduka, na kwa kweli inarahisika: mchana hakuna mlo wa wakubwa, na alasiri yote ni ya maandalizi ya futari. Zamu za jikoni zihamie alasiri na daku, na asipike mtu mmoja zote mbili. Matembezi yaachiwe siku za Idi.

Tukipata msiba katikati ya likizo?

Msiba hauahirishwi, na hakuna anayetarajia ratiba iendelee. Sheria ya Tanzania Bara ina likizo nyingine yenye malipo, isiyopungua siku nne katika mzunguko, kwa kifo cha mtoto, mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu au ndugu wa kuzaliwa naye. Mjulishe mwajiri siku hiyohiyo kwa maandishi, umweleze kwamba ungependa siku hizo zitenganishwe na za likizo ya mwaka, na usisubiri mpaka urudi kazini ndipo uanze kuhesabu. Watoto nao waambiwe kilichotokea na siku ngapi zimebaki kwenye kalenda ya ukutani, kwa sababu watauliza.